Haina Chanzo, Imefutwa

"Hebu tazameni hili kosa," niliwaambia wanafunzi wangu, nikaelekeza kidole ukutani kwenye mwanga wa projekta. "Mtu kafungua akaunti juzi, leo anatuambia kuna nyuki wasiouma ambao jioni hufunga mlango wa mzinga kwa pazia la nta. Sawa. Chanzo chake je? Someni wenyewe."

Muuguzi mstaafu, aliyekaa mbele, akasukuma miwani juu ya pua, akasoma kwa sauti:

"Chanzo: daftari la baba."

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena kuliko wote.

Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha maktaba, nilikuwa nawafundisha wageni kuandika makala za sayansi kwenye ensaiklopedia huru ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na yeyote anaweza kuihariri. Siku za kazi mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mtandaoni naitwa Darubini. Rafiki zangu waliniita Bwana Chanzo, maana hata ukiniambia mvua inanyesha nitakuuliza habari hizo umezipata wapi.

"Ulimfanyaje?" akauliza kinyozi, mwanafunzi wangu mwenye maneno mengi.

"Nilifuta. Akarudisha. Nikafuta tena, nikamwandikia: Haina chanzo, imefutwa. Ukirudia utazuiwa."

"Safi sana! Ukimwacha, kesho atatuletea daftari la bibi."

Kicheko tena. Ndipo nikasikia chupa ya chai ikiwekwa mezani kwa kishindo, nyuma kabisa, karibu na mlango.

Alikuwa mchumba wangu. Ni mfamasia, ndiyo maana mimi humwita Dawa. Alikuwa bado na koti lake jeupe la kazini, na macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa ukutani.

"Kumbe Darubini ni wewe," alisema.

"Dawa! Umefika saa ngapi?"

"Mapema ya kutosha. Soma jina la akaunti, Mwalimu."

Niligeuka. Akaunti iliitwa Binti Seremala. Nilikuwa nimeifuta sentensi yake mara mbili na jina lenyewe sikulisoma. Na nilijua vizuri kwamba marehemu baba yake alikuwa fundi seremala.

"Nilitaka kukushangaza," alisema. "Wiki tatu najifunza peke yangu, hata hilo jina lako la mtandaoni sikutaka kukuuliza, usije ukashtukia. Baba alikaa na mizinga yake miaka kumi na tisa. Kila jioni akiweka randa chini, anachukua daftari. Sisi tulimcheka. Akawa anasema, siku moja mtaniona kitabuni. Kafa tunamcheka. Leo na wewe umemcheka, tena mbele za watu."

"Sikujua, mpenzi."

"Miaka miwili ya uchumba. Uliwahi kuniuliza baba yangu jioni alikuwa anafanya nini?"

Kinyozi aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala.

"Wazee wako wasije nyumbani Jumapili ya wiki ijayo," alisema. "Hii posa haina chanzo. Imefutwa."

Akaondoka. Chupa ya chai ikabaki.

Muuguzi mstaafu alikohoa kidogo.

"Mwalimu, ile karatasi iliyo juu ya mlango aliibandika nani?"

Niliibandika mimi, kwa mkono wangu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

"Basi mgeni kaja," akasema yule mama, "na mwenyeji kamuua."

Nilipiga simu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Haikupokelewa. Jumanne mchana ukaingia ujumbe: *Acha kunipigia nikiwa dirishani. Wagonjwa wamepanga foleni.*

Nikaandika: *Mlango umefungwa kabisa?*

Baada ya saa nzima akajibu: *Tafuta chanzo.*

Jumatano, baada ya vipindi, nilikwenda kwa mama yake. Meza ya kazi ya marehemu ilikuwa bado uani, misumari imepangwa kwenye makopo kwa ukubwa wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mfutaji."

Nilikaa bila kuambiwa kaa. Mama akaniletea maji, kisha akaniletea daftari lenyewe. Kurasa zilijaa michoro ya penseli: mlango wa mzinga, pazia jembamba la nta, tarehe pembeni. *Jioni, wamefunga. Asubuhi, wamefungua.* Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya mbao.

"Mimi sheria yenu siikatai," mama alisema. "Mtu akiniambia limao linatibu kisukari, nami nitataka kujua kasoma wapi. Lakini kabla ya kumfukuza si unamuuliza kwanza? Binti, haya mambo baba yako alimwonyesha nani mwingine? Maneno hayo yangekung'oa jino?"

"Hapana, mama." Kisha nikainua kichwa. "Kwani kuna mtu alimwonyesha?"

"Si yule mama mtafiti! Miezi mitatu alikalia kigoda kwenye mizinga yetu, kule tulikokuwa tunakaa zamani, huyu anachora, yule anaandika. Akasema akichapisha atatuma kitabu. Sisi tukahama nyumba, kitabu hatukukiona. Mume wangu aliulizia posta mpaka wakamchoka."

"Mwaka gani, mama?"

"Mwaka mchumba wako alipoanza sekondari."

Nilibusu mkono wake nikatoka mbio. Chuo kikuu kina maktaba yenye majarida ya zamani, na mkutubi wake ni mzee asiyecheka na mtu. Alhamisi mchana nilifunua juzuu za mwaka ule na za mwaka uliofuata. Hakuna kitu. Ijumaa nikaendelea na mwaka wa tatu, vumbi limenijaa mpaka puani. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne nikaliona pazia la nta. Mchoro ulikuwa uleule wa daftarini, na chini yake mtafiti ameandika kwamba tabia ile ilionwa kwanza na fundi seremala, ambaye alimtaja kwa majina yake matatu.

Nililia. Sioni aibu kusema.

"Bwana," mkutubi akaninong'oneza, "hapa ni maktaba. Wanaolia hukaa nje."

Sentensi ile ningeweza kuirudisha mwenyewe kwa dakika moja. Sikuirudisha. Haikuwa yangu. Nilimwandikia Dawa: *Nilikukosea hadharani. Njoo kesho saa tatu nikuombe radhi hadharani.*

Hakujibu.

Jumamosi nilianza darasa, na kule nyuma karibu na mlango hapakuwa na mtu. Nikaweka ukutani lile onyo langu, na jina la Darubini chini yake.

"Hebu tazameni hili kosa," nilisema, na safari hii nikaelekeza kidole kwenye jina langu. "Sheria ni sahihi: tunaandika kilichochapishwa. Aliyekosea ni mimi. Mgeni kaleta jambo la kweli, nikamrukia kama mwizi. Nilitakiwa kumwandikia hivi: Karibu. Jambo lako linavutia. Je, unajua kama liliwahi kuchapishwa mahali? Tutafute pamoja."

"Na wewe uliyesema daftari la bibi je?" muuguzi mstaafu akamgeukia kinyozi.

"Nami naomba radhi," kinyozi akasema. "Bibi mwenyewe anisamehe."

"Mnamwomba nani radhi, wakati mwenyewe yuko huku?"

Dawa alikuwa amesimama mlangoni, chini ya karatasi yangu. Sijui alikuwapo tangu lini. Nilimpelekea nakala ya ule ukurasa. Akasoma. Akafika chini, kwenye yale majina matatu, akatafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia.

"Ni mkono wa baba huu," alisema. "Huo mchoro ni mkono wa baba."

"Ndiyo."

"Alikuwa kitabuni miaka yote hii."

"Ndiyo, Dawa. Nisamehe."

Alifuta machozi kwa mkono wa koti. Kisha akaja mbele, akakaa kwenye kompyuta yangu.

"Nionyeshe pa kuweka chanzo."

Nikamwonyesha. Hapa jina la jarida. Hapa mwaka. Hapa ukurasa. Sikumsaidia kuandika hata herufi moja. Akabonyeza *Chapisha*, na sentensi ikarudi mahali pake, na namba ndogo ya rejeo mwishoni.

"Haitafutwa?" kinyozi akauliza.

"Nani aifute?" akajibu muuguzi mstaafu. "Huyu ana mke wa kutafuta."

Dawa akacheka, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Wazee wako umewaambiaje kuhusu kesho?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Sijawaambia kitu."

"Si nilikwambia wasije?"

"Ulisema mara moja tu, tena kwa hasira. Nilikuwa nasubiri uthibitisho."

"Bwana Chanzo," alisema, akanishika mkono. "Waje saa nne."

Wakaja saa nne. Baba yangu alikuwa amejiandaa na maneno mazito, lakini kabla hajaanza, mama yake Dawa aliomba simu ya binti yake. Tukamfungulia ile makala, na picha niliyopiga ya ukurasa wa jarida. Akaikuza, akapitisha kidole taratibu juu ya jina la mumewe, la kwanza, la pili, la tatu.

"Kumbe alisema kweli," alisema.

Kisha akaisimamisha simu mezani, ameiegemeza kwenye bakuli la sukari, kioo kikitutazama sote.

"Haya, wazee wenzangu," akasema, "semeni lililowaleta. Mwenye nyumba yupo, anasikia."