Alisaini Nitolewe Kizazi, Nikiwa Nimekaa Pembeni Yake

Mume wangu alisaini nitolewe kizazi...

Na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake! Goti langu limegusana na goti lake. Kalamu yenyewe aliiazima kwa daktari.

"Na hapa chini tena," daktari akamwonyesha kwa kidole. "Na tarehe."

Akaandika tarehe.

Jamani, mimi nina miaka ishirini na sita. Sina mtoto. Hata mimba ya kuharibika sijawahi kuwa nayo. Nilienda pale kwa sababu ya maumivu ya tumbo na damu ya mwezi inayochelewa kukata. Basi! Nikaambiwa kizazi chote kimejaa uvimbe, dawa haisaidii tena, dawa ni kisu. Jumatano ijayo, saa mbili asubuhi.

"Dokta," nikasema, sauti yenyewe ya kutafutwa kwa tochi. "Samahani. Naweza kwenda kumuuliza daktari mwingine kwanza?"



Huyu daktari hospitali nzima wanamwita Bosi, hadi wauguzi. Miwani yake alikuwa ameipandisha kwenye kipara, na tangu niingie hakuishusha hata mara moja. Karatasi yangu aliishika mbali, kama mtu anayesoma bango la ng'ambo ya barabara.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Shule ya msingi."

"Mimi nimesoma miaka kumi na tisa. Na huyo mwenzangu unayemtaka ataisoma karatasi hii hii. Unadhani atakuta nini humo? Maua?"

Mume wangu akacheka!

Kilikuwa kicheko cha woga, nakijua. Lakini alicheka.

"Msamehe dokta, mke wangu mbishi kidogo."

Mbishi! Mimi ambaye kazini kwetu, kwenye cherehani, wananiita Bubu!

Tulipotoka kwenye korido nikamshika mkono.

"Umesainije bila kuniuliza?"

"Ulitaka nisubiri ufe ndiyo nikuulize?"

"Ni kizazi changu."

"Na wewe ni mke wangu. Kati yako na daktari, nani kasoma?"

Akatangulia getini. Kwa nyuma nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa shati...

Nikashindwa hata kumkasirikia vizuri. Mtu anakuumiza huku analia, utamshika wapi?

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa daktari wa pili. Kliniki safi, viti vya kuzama. Nilisubiri saa nne. Nikaingia, nikamkuta kijana mpole, mwenye tabasamu, nikasema moyoni, afadhali, huyu atanisikia.

Akafungua karatasi. Akaona sahihi ya daktari iliyo chini.

"Ooh! Kumbe umetoka kwa Bosi!"

"Ndiyo, dokta."

"Yule ndiye aliyenifundisha. Una bahati."

"Dokta, hutaniangalia tumbo?"

"Dada yangu, siku hizi hatuangalii matumbo. Tunaangalia picha."

"Basi iangalie picha."

Akaigeuza, akaitazama, akairudisha mezani. Nilihesabu. Moja... mbili... basi.

"Ni vile vile alivyosema. Usichelewe. Ukitoka, acha nakala mapokezi."

Saa nne za kusubiri, dakika tatu za ndani. Hata jasho halijakauka!

Mapokezi mashine yao ya nakala mbovu. Wakanielekeza ng'ambo, kwenye kibanda cha fotokopi cha jamaa mmoja anayeitwa Profesa. Profesa huyo hakuwahi kufundisha hata kuku, ila kila karatasi inayopita mikononi mwake lazima aisome! Mtaa mzima unajua hilo. Ukitaka siri zako zitembee, kamtolee nakala.

Akaiweka yangu kwenye kioo. Akaitoa. Akaisoma midomo ikicheza.

"Pole sana, dada. Watoto hawajambo?"

"Watoto gani?"

"Si hawa wawili uliojifungua kwa kisu?"

"Kaka, mimi sina mtoto."

"Aa, usinifiche, mimi ni mtu mzima. Imeandikwa hapa kizungu kabisa. Amejifungua kwa kupasuliwa, mara mbili. Kovu linaonekana."

Nikamsogelea.

"Soma tena."

Akasoma tena, polepole, kidole kwenye mstari. Safari hii hakutania.

"Dada... hii ni yako kweli?"

Jina lilikuwa langu. Umri wangu. Namba yangu. Kibandiko cheupe kimebandikwa juu, kimekaa upande kidogo.

Hapo ndipo kichwa changu kikarudi mpaka siku ya kupigwa picha ya tumbo.

Sikilizeni. Siku ile walikuwa wanatuingiza wawili wawili ili foleni isogee. Mmoja yuko kitandani, mwingine nyuma ya pazia anavua viatu. Mpimaji anapima, anapiga picha, anaita anayefuata. Vibandiko vya majina anabandika mwishoni! Na mashine ikagoma kutoa karatasi. Ilipokubali, ikatoa zangu na za mama niliyeingia naye, zote kwa mpigo. Mpimaji akazipanga mezani kama mtu anayegawa karata.

Niliona. Macho yangu yaliona kabisa! Na nikanyamaza.

Kazini kwetu hakuna mkasi unaogusa kitambaa kabla hakijabanwa karatasi ya vipimo vya mwenyewe. Nikikosea, mama mnene anapata gauni la kumbana na nitamshonea jingine. Lakini pale nikasema ah, hawa wamesoma, wanajua wanachofanya.

Nikakimbia kwa Bosi. Nilimkuta mlangoni, anafunga ofisi.

"Dokta, picha siyo yangu! Hii ni ya mtu aliyepasuliwa. Mimi sina kovu. Angalia!"

Nikapandisha blauzi palepale koridoni, mbele za watu. Aibu nilikuwa sina tena.

Hakuangalia tumbo. Aliangalia huku na huku, nani anatuona.

"Shusha nguo, binti. Hayo ni makosa madogo ya mwandishi."

"Makosa madogo?"

"Nani kakusomea?"

"Mtu wa fotokopi."

Hapo akacheka kwa raha zake. "Haya. Jumatano mwambie mtu wa fotokopi aje akupasue."

Akaondoka...

Zilikuwa zimebaki siku tano. Mume wangu hanisikii. "Umeanza visingizio," alisema, akageukia ukutani. Mama yangu kwenye simu alisema niwatii wakubwa. Jina langu liko ubaoni, kwenye orodha ya wa kupasuliwa, na kila mtu ananipa pole ya mapema. Mmeshawahi kupiga kelele ndani ya maji? Ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu nikaenda peke yangu kwenye kituo kidogo cha afya. Mpimaji wa pale alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vimekanyagwa visigino. Kabla hajagusa mashine alinifunua tumbo, akalitazama.

"Umekuja na karatasi?"

"Ninayo."

"Usinionyeshe. Nikiona ya mwenzangu nitaona alichokiona yeye."

Jamani... nililia kabla hata hajaanza.

Alipima taratibu. Akaguna. Akapima tena.

"Kizazi chako kizima, mwanangu. Kuna kauvimbe kamoja kadogo, kama punje ya hindi. Hako ni ka dawa na kukaangalia. Nani alikwambia kisu?"

Jumanne nikaweka karatasi mbili mezani kwa Bosi. Safari hii aliishusha miwani. Alisoma muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye ubao, akafuta jina langu kwa kiganja.

Basi. Hakuna pole. Hakuna samahani. Kiganja tu!

"Unaweza kwenda."

"Na yule mama, dokta?"

"Mama gani?"

"Mwenye picha hii. Mwenye uvimbe."

"Hilo ni la hospitali. Tutalishughulikia."

Akaichukua karatasi ya kwanza, akaifungia kwenye droo. Nikabaki na nakala ya Profesa.

Nilirudi baada ya wiki. Wameshughulikia nini? Daftari la foleni lina namba tu, na kila mgonjwa hurudi nyumbani na kitabu chake cha matibabu. "Akizidiwa atarudi mwenyewe," dada wa mapokezi aliniambia, anatafuna bigijii.

Akizidiwa!

Mume wangu, nilipompa karatasi mpya, aliisoma amesimama, akaketi, akasema, "Nilitaka upone tu." Tangu siku hiyo ananichemshia maji ya kuoga kila asubuhi. Neno samahani bado limemkwama kooni. Hayo yetu, tutayamaliza.

Lakini yule mama...

Nilikumbuka tulivyopiga soga nyuma ya pazia. Aliniambia anauza viatu vya mitumba. Basi kila nikitoka kazini, napita masoko. Siku ya tisa, nyuma ya stendi, nikasikia kicheko. Ndiye!

"Wee! Mwenzangu wa nyuma ya pazia!" Akanikumbatia, viatu viwili mkononi. "Umependeza! Njoo, hapa wewe ni mteja wa bure."

"Mama, nina jambo."

"Subiri nikuchekeshe kwanza. Unajua daktari aliniambia nini? Mama, kizazi chako kama cha binti asiyewahi kuzaa! Mimi! Na watoto wangu wawili wenye ndevu!"

Wauza viatu wenzake wakacheka. Inaonekana soko zima lilikuwa limeshausikia mkasa huo mara kumi.

Nikamvuta pembeni kidogo.

"Mama... kizazi alichokisema ni changu."

Nikamweleza. Yote. Mashine, vibandiko, karata mezani. Kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo, kisha kikarudi.

"Mwanangu, mimi nimepimwa na wataalamu."

"Ndiyo, mama, lakini walichanganya."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Fundi cherehani."

"Umesomea wapi mambo ya matumbo?"

Nikatoa nakala.

"Hii ndiyo yako. Imeandikwa umepasuliwa mara mbili."

Akaipokea. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha akaweka kidole juu kabisa, kwenye kibandiko.

"Hapa pameandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Na umri?"

"Wangu, lakini..."

"Na waliopasuliwa mara mbili dunia nzima niko peke yangu?" Akanikunjia karatasi, akanirudishia mkononi taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Mwanangu, naona umetishwa sana na yale maradhi. Pole. Lakini usinigawie."

"Tumbo haliumi, mama?"

"Linauma kidogo. Uzee huo."

Nimerudi mara nne. Nimempeleka Profesa, akamfukuza kwa kandambili. Nimemwomba aende tu kwa yule mpimaji wa viatu vilivyokanyagwa, nitamsindikiza, nitamshikia biashara, akasema akipata nafasi. Ili asinichoke, kila nikienda nanunua kiatu. Nina pea nne nyumbani, moja hata hainitoshi!

Ndugu zangu, mtanisamehe, hiki ni kisa cha kweli kwangu na sina mwisho mzuri wa kuwapa. Mimi nilipona kwa sababu niliogopa. Nilipewa habari mbaya, nikahangaika kutafuta wa kunipinga. Yeye kapewa habari nzuri. Nani anatafuta daktari wa pili akiambiwa ni mzima?

Kwa hiyo nawaomba. Ukiambiwa unaumwa, uliza. Ukiambiwa huumwi na mwili wako unakataa, uliza pia! Usipelekeke na karatasi ambayo hakuna aliyeilinganisha na tumbo lako. Na ukiona kitu kimekosewa mbele yako, sema palepale, hata kama umeishia shule ya msingi. Mimi nilinyamaza dakika moja tu, nyuma ya pazia.

Jana yule mama alinisindikiza mpaka njia panda, anacheka, ananitania lini nitamletea mjukuu. Mkono mmoja ulikuwa begani kwangu.

Wa pili alikuwa ameuweka chini ya kitovu, anapakanda, na wala hajui kama anapakanda...

Niambieni, nimwambieje?