Ng'ombe wa Jesca na Waranti ya Machage

Jamani watu wa Nyamongo, na nyie wa Kemambo mnaopandishiwa bei ya kila kitu kisa dhahabu, kaeni niwaambie. Jesca, Mama Rhobi, mnamjua kwa maziwa. Nataka mumjue kwa akili.

Asubuhi hiyo kwake kulitulia. Anakamua, povu linapanda kwenye ndoo, binti yake Rhobi ameshika kikombe anasubiri. Mumewe Machage anafuta gari kwa kitambaa huku anaimba. Alipata mawe mazuri duarani, kule shimoni wanakochimba, akaenda Mwanza kwenye yadi ya magari, akarudi anaendesha. Mtu aliyezoea kubanwa mshikaki kwenye bodaboda! Mtaa mzima ulitoka. Ni haki yake, aringe.

Ndipo akasema, bila hata kugeuka, "Mama Rhobi, ukimaliza usimpeleke ng'ombe malishoni. Nyangwine anakuja kumchukua."

"Kumpeleka wapi?"

"Nimemuuza. Waranti ya yadi inaisha mwezi huu. Nataka kulipia ya nyongeza. Nikilipa, gari hii haiharibiki miaka miwili."

Sikieni hapo. Haiharibiki! Machage siyo mjinga, ni mchimbaji. Kabla ya kushuka duarani alimlipa mganga, akafungwa dawa kiunoni. Ukuta ukaporomoka upande wa mwenzake, yeye akatoka mzima na mawe begani. Tangu siku hiyo kichwani mwake kitu kikilipiwa, kimekingwa. Waranti akaiona ni dawa ya kiunoni ya gari. Mnacheka, na nyie mna zenu.

Mwingine angepiga kelele majirani wajae. Ng'ombe yule Jesca alipewa na mama yake mzazi, na Rhobi alikuwa mtoto wa kuumwa-umwa, maziwa yale ndiyo yalimnyanyua. Lakini Jesca aliweka ndoo chini taratibu.

"Huyo muuza waranti anakuja lini?"

"Leo. Anaitwa Wilbard. Anakuja na makaratasi nisaini."

"Vizuri. Twende naye Kemambo nikamsalimie mama. Utasaini tukirudi."

Machage akafurahi. Alidhani amekubaliwa.

Wilbard alifika, kijana wa mjini, viatu vinang'aa, maneno laini. Wakamkalisha mbele. Kutoka tu lami ya watu wa mgodi, gurudumu la mbele likaanza: kong, kong, kong. Lilikuwa linagonga siku zote hizo, na dawa ya Machage ilikuwa kuongeza muziki. Jesca akanyoosha mkono kutoka nyuma, akazima redio.

"Baba Rhobi, nenda pole pole. Shemeji Wilbard, hiyo kong kong nayo imo kwenye waranti?"

"Mambo makubwa yote yamo, mama."

"Na madogo?"

"Madogo tutaongea."

Hawakuongea. Mbele kidogo ya daraja, boljointi, ile fundo inayoshika gurudumu, ilikatika, kwaa! Gurudumu likalala upande, gari ikapiga magoti kama ng'ombe anayetaka kulala. Vumbi likawafunika wote.

Machage akashuka, mikono kichwani. Jesca akashuka, akajifuta uso, akamgeukia mgeni. "Shemeji, ile ya yadi si bado haijaisha? Ifanye kazi basi, tuione."

Wilbard akafungua makaratasi yake. Akasoma, akakohoa. "Boljointi ni kitu cha kulika. Vitu vya kulika havimo."

"Injini je?"

"Injini imo. Ila gari iwe imefanyiwa sevisi gereji yetu, Mwanza."

"Ikifia hapa, nani anaifikisha Mwanza?"

"Mwenye gari."

"Na barabara hii?"

Wilbard akaangalia mawe, akaangalia makorongo. "Barabara mbovu ni juu ya mwenye gari. Na hii ya nyongeza masharti ni yaleyale."

Machage akamsogelea. "Ngoja, mura. Kwa hiyo haizuii gari kuharibika?"

"Kuzuia? Kaka, hakuna kinachozuia gari kuharibika."

Mkono wa Machage ukaenda wenyewe kiunoni, kwenye dawa.

Ningekuwa mimi ningemcheka mpaka anirushie jeki. Jesca hakumcheka hata kidogo. Alimuuliza Wilbard jambo moja tu: "Ungekuwa unakaa Nyamongo, ungenunua?"

Kijana akaangalia viatu vyake, vimegeuka rangi ya barabara. "Mama, wateja wangu wa mjini, gereji iko karibu, wengine imewaokoa kweli. Ila ningekuwa huku... ningefuga ng'ombe."

Wakacheka wote watatu, hadi Machage. Fundi akaja kwa bodaboda na boljointi mpya, Wilbard mwenyewe akamsaidia kupiga jeki. Kwa mama hawakufika, wakageuza.

Nyumbani walikuta Nyangwine ameshamfunga ng'ombe kamba, anamvuta getini, Rhobi ameng'ang'ania mguu wa nyuma analia. Machage aliruka injini ikiwa bado inanguruma.

"Achia kamba!"

"Si tumekubaliana?"

"Hela hujatoa. Na mimi nilikosea."

Nyangwine akacheka kwa dharau, majirani wanaangalia. "Mwanaume mzima unamsikiliza mwanamke?"

"Namsikiliza mwenye ng'ombe," Machage akasema, akaifungua kamba mwenyewe, akamkabidhi Jesca mkononi.

Siku hizi maziwa ya asubuhi ni ya Rhobi. Ya jioni yanauzwa, hela yake haiguswi, ni ya gari. Ikigonga, redio inazimwa, fundi anaitwa. Dawa ya kiunoni Machage bado anavaa. Hilo mwacheni nalo.

FUNZO

Ndugu zangu, waranti siyo kinga. Ni ahadi ya kutengenezewa, na ina masharti. Usinunue kwa sababu ya woga. Uliza kwanza: nini hakimo, gereji iko wapi, nani anavuta gari, na barabara unayopita inakubalika? Majibu yakikufaa, lipia bila kusita. Yasipokufaa, weka hela yako pembeni utengeneze mwenyewe. Na usiuze kinacholisha watoto ili kulinda kinachokupa sifa. Kama nyumbani una mtu wa kuzima redio ili msikie kong kong, mheshimu. Wengi hapa tunaongeza sauti.