Damu ya Theodory Ilimtaja Margwe

Ndugu zangu, mwenye kazi aiache kidogo anisikilize. Haya yalitokea hapahapa Tlawi, na kila nikiyafikiria mwili unanisisimka.

Mnaijua nyumba ya Theodory na mkewe Efrazia. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya maharage, ng'ombe wameshakamuliwa, Efrazia anapuliza jiko. Theodory alijitwika samadi akaanza kupanda mlima kwenda shambani, njia anayoipanda tangu ujana wake. Safari hii alisimama katikati. Alishika kifua, jasho likamtoka na baridi yote ile.

"Baba Ludovika, kuna nini?" mkewe aliita kutoka chini.

"Hamna kitu. Nimekula kiporo cha makande."

Kiporo cha makande! Wanaume wa huku tuna maajabu yetu. Tunaamini ugonjwa wa moyo ni wa mabosi wa mjini wenye vitambi. Theodory ni mwembamba, mkanda wake ameutoboa tundu la ziada, basi akajiona salama. Efrazia hakukubali. Alimpeleka hospitali mjini siku hiyohiyo.

Daktari aliyewapokea anaitwa Severine, binti mdogo wa kutoka mikoa ya mbali. Alimwamkia mzee shikamoo, akampima umeme wa moyo, kisha akatoa damu akaitia kwenye chupa ndogo. Majibu yalipotoka alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Mzee, mishipa inayolisha moyo wako imeanza kuziba. Mafuta kwenye damu yamezidi. Na kuna kipimo kingine kinaitwa CRP, nacho kiko juu. Unajua kidonda kinavyovimba na kuwa chekundu? Hali ya namna hiyo inaweza kuwa ndani ya mshipa, na wewe usiione. Ini linatoa protini fulani kwenye damu, sisi tunaipima."

Theodory aliitazama ile chupa ndogo. "Damu kidogo hivyo imesema yote hayo?"

"Inasema mwili unapambana. Haisemi ni wapi. Hata jino bovu au mafua yanaipandisha, ndiyo maana nakuuliza maswali mengi na nitakupima tena. Unavuta sigara?"

"Tumbaku kidogo, ya kusokota."

"Uache. Na hizi dawa unywe kila siku, hata ukijisikia mzima."

Haya Efrazia ndiye aliyenisimulia. Mimi mwenyewe nilipoelezwa nilishangaa. Mtu unaishi na damu yako miaka yote, kumbe inajua mambo yako kuliko wewe!

Sasa sikilizeni kosa letu. Sisi watu wa huku hatuli peke yetu. Chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe inanunuliwa na nyumba mbili, hawa wanyweshe wao, wale wanyweshe wao. Margwe, jirani wa Theodory na rafiki yake tangu wakiwa wachunga ndama, alikuja kumjulia hali. Akasema naye kifua kinambana akipanda mlima. Theodory hakufikiri mara mbili. Aligawa zile dawa nusu kwa nusu. Efrazia alikuwepo, akamsifu mumewe kwa moyo wake mzuri, naye Margwe akaondoka anashukuru. Safari ya hospitali akaifuta kichwani, kwa kuwa dawa anayo.

Za Theodory zikaisha mapema. Kwa kuwa alijisikia mzima, akakaa tu kungoja siku ya kliniki.

Siku hiyo ilipofika, Dokta Severine alitoa damu tena. Alisoma majibu, akakunja uso.

"Mzee, una homa? Jino linauma? Una kidonda popote?"

"Hata mafua sina."

"Mafuta yako palepale. Na kile kipimo cha pili hakijashuka. Dawa umekunywa zote?"

"Nimekunywa."

"Damu yako haikubaliani na wewe, mzee."

Theodory aliinama. Mtu mzima yule, mbele ya binti wa umri wa mwanawe, alishindwa kuinua macho. "Niligawana na Margwe," alisema. "Na yeye kifua kinamsumbua."

Daktari alisimama. "Huyo Margwe amepimwa na nani?"

"Hajapimwa."

"Mpigie simu sasa hivi."

Margwe alipokea akiwa shambani kwake, mlimani. Sauti ilikuwa ndogo. "Nimekaa kidogo, ndugu yangu. Kifua kimenibana tangu asubuhi, mkono umekufa ganzi. Nimekunywa kidonge cha mwisho nilichokibakiza, nangoja kifanye kazi."

Dokta Severine aliichukua ile simu. "Shikamoo baba, mimi ni daktari. Usinyanyuke. Usibebe kitu. Watu watakufuata."

Theodory akampigia Mwalimu Bryson, ndiye mwenye gari kijijini. Vijana walimbeba Margwe hadi barabarani, mwalimu akamkimbiza mjini. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Damu yake nayo ilipimwa, ikaonyesha nyama ya moyo imeanza kufa. Walimtibu usiku na mchana. Amepona, lakini si Margwe yule. Mlima haupandi tena, na shamba la juu sasa analilima mtu mwingine.

Alipopata nguvu ya kuongea, alimwuliza daktari, "Nani aliwaambia mnipigie simu siku ile?"

"Damu ya mwenzako, baba. Bila ile nisingeuliza."

Margwe alimnyooshea mkono Theodory aliyekaa kando ya kitanda, akaugusa mkono wake pale sindano ilipoingia.

FUNZO

Ndugu zangu, wembamba si kinga, na kujisikia mzima si kupona. Kifua kikibana, mkono ukifa ganzi, jasho likakutoka bila sababu, wahi hospitali, usisingizie chakula. Damu ina habari nyingi, ila anayeweza kuisoma ni aliyesomea, naye anahitaji umwambie ukweli. Dawa uliyoandikiwa inywe mwenyewe hadi mwisho. Jirani akikuambia anaumwa kifua, usimpe kidonge. Mshike mkono, mwende naye.