Sabuni Iliyowavua Mikizi Magamba

Jamaa zangu, kuanzia Mwabungo hadi Shimoni, sikilizeni yaliyoifika nyumba ya Mbarak na mkewe Esha.

Esha alipoolewa Mwabungo, asubuhi za Ijumaa zilikuwa tamu. Yeye na mavyaa wake, Bi Mwanaidi, walikaa kando ya kijito wakipaa mikizi aliowaleta Mbwana, mvuvi na rafiki wa Mbarak tangu utotoni. Magamba yalikuwa magumu, yakiruka na kuganda kwenye leso zao, yakimetameta kama puleki za gauni la bi harusi. Mkizi wa wakati ule alikuponyoka mkononi kwa ule ute wake, nao wakacheka wakimfukuza mchangani. Ee, siku hizo!

Kisha Mbarak akafungua udobi wa kufua mashuka ya mahoteli. Kazi ikanoga, nyumba ikaezekwa mabati. Lakini maji yote ya sabuni aliyaelekeza kijitoni, na povu likatanda hadi kwenye mikoko.

Siku moja Esha alimgusa mkizi kwa kisu tu, magamba yakabanduka kama karatasi iliyorowa. Ngozi haikuwa na ute, na ilijaa vidonda.

"Mwanangu," Bi Mwanaidi akamwambia Mbarak, "maji yako yanawadhuru samaki."

"Mama, sabuni inasafisha. Itachafuaje?"

Mbwana akamleta Eunice, afisa wa samaki. Aliwapasua madume, akakuta vijiyai ndani.

"Sabuni hii ina kemikali inayojifanya homoni ya kike," Eunice alieleza. "Mwili wa dume unadanganyika. Madini yanayokaza magamba unayanyonya ili utengeneze mayai. Ngozi inabaki dhaifu, maradhi yanaingia."

Esha akamgeukia mumewe. "Baba Fauzia, tuchimbe shimo la kuchujia maji, na sabuni tuibadilishe."

"Sabuni nyingine haing'arishi. Mnataka nirudi kula mihogo mikavu?"

Tamaa ndivyo inavyozungumza, ndugu zangu.

Habari zikaenea. Wanunuzi wakawakataa samaki wote wa Mwabungo, wazima kwa wagonjwa. Mbwana akafunga virago, akahamia Shimoni na watoto wake. Siku ya kuondoka alimpita Mbarak mlangoni bila ya salamu. Mbarak akaingia ndani, Esha akamsikia akilia. Kesho yake alishika jembe.

Leo sabuni ni nyingine, na maji yanachujwa katika shimo la mchanga na makaa. Mikizi wachache wamerudi, magamba yao yameanza kukaza. Mbarak akampigia rafiki yake simu.

"Rudi, Mbwana. Kijito kinapona."

"Alhamdulillahi," Mbwana akajibu. "Lakini mimi huku nimeshajenga, Mbarak."

Simu ikakatika. Esha alimwona mumewe bado ameishikilia sikioni.

FUNZO

Maji hayana mwenyewe mmoja. Unachokimwaga mlangoni pako huingia kwenye ngozi ya samaki, kisha kwenye sahani ya jirani. Basi onyeka kungali mapema. Kijito huweza kupona, lakini jirani uliyemhamisha kwa tamaa yako huenda asirudi tena.