Ala Iliyoshonwa Kabla ya Kisu

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mapaa ya mabati wakati Mzee Ngozi alipofunga kibanda chake na kwenda kumtafutia binti yake kisu. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani kwa sababu ya kazi yake. Alishona viatu, mikanda na mikoba, lakini sifa aliipata kwa ala za visu alizowashonea waongoza wageni wa msituni. Mtu aliweza kuogelea mto mzima na kisu chake kiunoni akatoka nacho ng'ambo ya pili.

Binti alikuwa anaondoka alfajiri kwenda kambini msituni, wiki nzima ya mafunzo ya kuishi porini, na kila mwanafunzi aliambiwa aje na kisu chake. Si cha kukunja. Cha kukunja kina bawaba, na bawaba ikilegea wakati mtu anapasua kuni, vidole ndivyo vinavyoumia. Alitaka kisu kizima, imara, cha bei ya watu kama wao.

"Baba, ukiniletea cha kukatia vitunguu nakirudisha," binti alimtania asubuhi ile.

Baba alicheka. Mama hakucheka. Alikuwa anakunja fulana za binti, anazikunjua, anazikunja tena. Msitu huo ndio uliomchukua kaka mtu, masika ya mwaka juzi. Alikuwa mwongoza wageni. Alirudi nyuma kumshika mkono mgeni mmoja kwenye kijito kilichofurika. Mgeni akavuka, yeye hakuvuka. Walimtafuta mpaka viatu vikawaozea miguuni. Hawakupata mwili, hawakupata kofia, hawakupata hata kile kisu alichokuwa amekivaa kiunoni. Walirudi nyumbani mikono mitupu, na tangu siku hiyo hawakuwa hata na kaburi la kwenda kulilia.

Walishamkataza binti mara nyingi. Yeye alikuwa na jibu moja tu. "Nikikaa hapa ndiyo atarudi?"

Sasa, washona ala wana utaratibu wao. Hawagusi sindano mpaka kisu kiwe mezani. Ngozi inalowekwa, inafinyangwa juu ya kisu chenyewe, inaachwa ikaukie hapo na kushika umbo lake. Wakongwe wa kazi hiyo waliongeza na jambo jingine: ala ikibaki tupu, itie tambara ndani. Ukiwauliza sababu watakwambia ni ili ngozi isijikunje, halafu watabadilisha mazungumzo.

Mzee Ngozi aliyavunja yote mawili. Wiki ile hofu ilimkaa mikononi, akaona afadhali aipe mikono kazi. Akakata ngozi, akashona, akijiambia anakisia tu kipimo cha kawaida. Alipofunga uzi wa mwisho ndipo alipoona alichokifanya. Upana ule, mdomo ule uliopinda kidogo, kila kitu sawasawa na ala ya marehemu mwanawe. Alipaswa kuifumua palepale. Alishindwa. Aliitia mfukoni mwa koti, tupu vilevile, akaenda madukani kutafuta kisu cha kuienea.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo na taa nyingi, visu vimelazwa juu ya kitambaa chekundu. Muuzaji alipotaja bei, Mzee Ngozi alikirudisha kisu polepole mno, kisije kikadondoka akalazimika kukinunua. Duka la pili walimtolea kitu kirefu kama panga, mgongo wote meno.

"Hiki mzee, hata simba anakimbia," alisema muuzaji.

"Binti yangu anataka kuchonga vigingi vya hema. Simba hatujapanga naye chochote."

Duka la tatu alikipata. Kifupi, kinene, cha mpini wa mpira, bei yake ya kuvumilika. Mtu mwenye akili timamu angelipa akaenda zake. Lakini Mzee Ngozi alitoa ala mfukoni akajaribu, na kisu kikagoma kuingia. Kilikuwa kipana kuliko kile cha mwanawe. Akakirudisha. Fundi mzima, aliyeshona ala zisizohesabika, alikikataa kisu kizuri kwa sababu ya ala mbovu. Huzuni ilishamfanya asijue anachotafuta.

Giza la kwanza lilimkuta mwisho wa safu ya maduka. Wengine walikuwa wanashusha milango. Ndipo alipoona kibanda kimoja kidogo, taa ya mafuta inawaka mezani, visu vichache vimepangwa. Hakukumbuka kukiona kabla.

Kwanza ni harufu iliyomsimamisha.

Majani yaliyooza... udongo uliolowa... Na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Karibu, Mzee Ngozi."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza. Mwenyewe alikuwa ameketi nyuma, mwanga usipofika. Mikono tu ndiyo iliyoonekana. Ncha za vidole zilikuwa zimejikunyata na kupauka, kama za mtu aliyeshinda anafua.

"Natafuta kisu," alisema Mzee Ngozi. "Cha binti yangu. Anaingia msituni kesho."

Chini ya meza kulikuwa na kitu kinachodondoka.

Tone... tone...

Kisha mkono mmoja ukasukuma kisu mezani. Kilikuwa ndugu wa kile alichokikataa.

"Urefu wa kiganja unatosha, kirefu zaidi ni maringo. Chuma chake kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho. Akikipiga kwa gogo kupasua kuni, hakitang'oka. Mgongo una pembe, atakwangulia kijiti cha kuwashia moto. Mpini ni mbaya wa sura, lakini ukilowa hautelezi. Kinashika kutu, akipake mafuta kila jioni."

Maneno hayo Mzee Ngozi aliyajua. Mwanawe alikuwa akikaa juu ya robota la ngozi pale kibandani, anachezesha miguu, anawafundisha wateja wa baba yake kuchagua kisu. Alikuwa akianza na kiganja, kisha mpini, kisha pembe ya mgongo. Hata lile la maringo lilikuwa lake.

"Hakiingii," alisema, akionyesha ala.

"Najua."

Mkono wa pili ukatoka gizani na kisu kingine. Mpini wa mti. Karibu na msumari wa kwanza palikuwa na alama nyeusi, mahali moto wa kambi ulipouunguza, siku ambayo kijana alirudi nyumbani akikificha asichekwe na baba yake.

"Jaribu hiki."

Kiliingia.

Bila kusukumwa. Bila sauti.

"Umekipata wapi?" Mzee Ngozi alinong'ona.

"Kwa mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Kilipo kisu, hayuko mbali. Hiki hakina bei, mzee. Chukua tu. Ukienda nacho nyumbani, atakifuata leo hii. Mtakula naye."

Tone... tone...

Hakuna mzazi aliyewahi kutaka kitu kama yule mzee alivyotaka kuondoka na kile kisu. Alishamwona mke wake akiongeza sahani mezani. Alikuwa ameshaugeuza mwili kuondoka, na ala ameibana kifuani, wakati swali lilipomtoka lenyewe.

"Na pale alipolala, patabaki nini?"

"Pale hapakai patupu."

"Atakaa nani?"

Kidole kilichopauka kikainuka, kikaelekea kwenye ala.

"Hiyo umemshonea nani?"

Mzee Ngozi aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nichukue mimi. Nimeshaishi. Mimi nitakwenda kulala huko."

"Wewe hukushonewa."

Basi akakishika kisu kwa mpini akavuta. Kiligoma. Ngozi ile kavu, ambayo haikuwahi kulowekwa juu ya kisu chochote, ilikuwa imekikumbatia. Alivuta kwa mikono miwili, analia waziwazi, hana aibu. Kilipotoka alikilaza mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Nipe kile kibaya," alisema.

Aliacha pesa zote alizokuwa nazo. Aligeuka kuondoka, na hapo sauti nyuma yake ikabadilika. Haikukwaruza tena.

"Baba..."

Ilikuwa sauti yake. Ileile.

"Baba, usiniache tena."

Hakugeuka. Njia nzima hakugeuka, ingawa shingo ilimuuma kwa kujizuia. Alipita penye watu na pasipo na watu, na nyuma yake hatua zilikuja bila haraka, hatua za viatu vilivyojaa maji. Akisimama, zinasimama. Alipofika nyumbani aliingia, akafunga komeo, akaegemea mlango mpaka pumzi ikarudi.

Chumbani binti alikuwa anafunga begi huku anaimba. "Umekipata, baba?"

"Nimekipata. Nipe muda nikitengenezee nguo yake."

Aliketi sebuleni karibu na mlango, akaifumua ala uzi kwa uzi. Akailoweka kwenye beseni mpaka ikalainika, akaongeza kipande pembeni, akaifinyanga upya juu ya kile kisu kinene cha mpini wa mpira. Ngozi ikiwa mbichi haitaki kuachiwa. Ukiachia kabla haijashika umbo, unaanza upya.

Mlango ukabishwa. Kidogo tu.

"Baba. Nifungulie."

Aliibana ngozi kwa viganja vyote viwili. Alijua akiviachia, vitakwenda kwenye komeo vyenyewe.

"Baba, ni mimi."

Akabana. Machozi yalidondokea kwenye ngozi, naye akayafinyanga humohumo pamoja na maji ya beseni. Alijiambia si yeye. Mtoto wake alikufa akimvusha mtu asiyemjua, hawezi kuja kumwomba dada yake akae mahali pake. Kisha akajiambia kwamba mtu akikaa peke yake gizani, misimu na misimu, pengine hata moyo mwema hubadilika. Wazo la pili lilimuumiza kuliko la kwanza.

Hatua zikaondoka mlangoni. Zikazunguka nyumba polepole, ubavuni, kuelekea jikoni. Zikasimama huko kwa muda. Halafu hakuzisikia tena.

Ngozi iliposhika umbo, aliinuka akaenda jikoni. Mke wake alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, amejifunga khanga mbili, mikono magotini. Chakula kilikuwa kimeungulia. Hakuwa amekiepua.

"Nani alikuwa anabisha mbele?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hakuna mtu, mama watoto."

Alitikisa kichwa kwa upole, kama anayemsamehe. "Na huku alibisha. Aliniita kwa lile jina aliloniita alipokuwa anajifunza kusema. Hakuna mtu mwingine anayelijua." Akayatazama makaa. "Alisema ana baridi. Nimekaa hapa, mkaa unawaka, na sikuinuka."

Mzee Ngozi alikaa sakafuni kando yake. Kutoka chumbani binti aliuliza kama kisu kimeingia vizuri, naye akamjibu kimeingia, alale, safari ni ya mapema. Mkaa uliisha taratibu, na hakuna aliyeongeza mwingine. Walikaa gizani wawili, kila mmoja akiogopa kumuuliza mwenzake kama waliyemfungia mlango alikuwa mtoto wao.