Bakuli la Mara Tatu

Kadi ya bakuli ilikutwa imelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. Fundi cherehani aliishika kwa ncha za vidole, akainusa. Ilinuka spiriti ya hospitalini.

"Nani kamwagia maji kadi ya marehemu?"

"Usinitazame mimi, dada," Kinyozi alisema. "Mimi leo hata chai sijapewa."

Walikuwa wawili tu sasa kwenye ile meza ya kukatia vitambaa. Zamani walikuwa watatu, kila Jumamosi alasiri, na mchezo wao wa mashujaa. Fundi ndiye aliyesimulia na kupanga mazimwi na sheria. Kinyozi na Kitinda, mdogo wake fundi, walirusha dadu na kupigana. Shujaa wa Kitinda alikuwa na bakuli la uponyaji, limechorwa kwenye kadi. Akikunywesha, jeraha linafunga.

Tatizo, bakuli halikuwa na mwisho. "Dada, humu hafi mtu!" Kinyozi alilalamika siku moja. "Zimwi lako limekuwa kuku wa kufuga." Kweli, mchezo ulikuwa umepooza. Fundi akachukua kalamu, akaandika chini ya kadi: mara tatu, kisha linapasuka. Alijiona mwerevu kwelikweli.

Siku hiyohiyo mara tatu zikaisha. Kitinda, macho yameshakuwa ya manjano kwa ugonjwa wa ini, akasema, "Dada, niongezee moja tu." Naye akamjibu mbele ya mtu, "Sheria ni sheria. Acha kudeka."

Siku ya kumi na moja baada ya hapo akamzika. Katika yote aliyowahi kumnyima mdogo wake, hilo dogo ndilo lililomkaa kooni, na kila akisali lilikuja kusimama mbele yake.

Sasa kiti cha tatu kikatoa mlio, kama wa kiti cha mtu anayekaa polepole kwa sababu ya maumivu ya tumbo.

"Dada," sauti ikasema. "Niongezee moja tu."

Kinyozi alitoka mbio bila viatu, akaenda kumwita Shangazi, yule wa mtaa wa pili anayesomea watu dua. Shangazi alipofika, ameshasimuliwa yote njiani, jua bado linawaka dirishani, harufu ile ilikuwa imeshika mapazia na vitambaa na hata nywele za fundi, na kiti kilikuwa kinapumua, kinavuta na kushusha, kinavuta na kushusha, vilevile alivyopumua Kitinda siku yake ya mwisho, na fundi amepiga magoti mbele yake, kalamu mkononi.

"Mwanangu," Shangazi alinong'ona, "kwa bakuli lile mdogo wako alikuwa akimponya nani?"

"Kinyozi. Mara zote tatu. Hata ile ya nne aliyoomba ilikuwa ya Kinyozi."

"Muulize huyu, anaomba ya nani."

Fundi akakisogelea kiti. "Ya nani, mdogo wangu?"

"Yangu," kiti kikasema. "Yangu mimi. Nina kiu."

"Umesikia? Huyo si wako. Ni jini, sauti kaiokota njiani. Mwambie bakuli limepasuka, ataondoka. Ukimwongezea atakaa humu, na atakachokunywa ni uhai wako."

"Nimesikia, shangazi."

Alikuwa amejua hata kabla ya kuuliza. Shangazi akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na Kinyozi mlangoni analia, "Dada, sema! Sema limepasuka!" na fundi akafungua kinywa, maneno ni mawili tu, mepesi, mtoto angeyasema, lakini sauti iliyokuwa ikimsubiri ilikuwa ileile, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, na kuiambia hapana kwa mara ya pili hakuweza.

Akalipiga mstari neno tatu kwenye kadi. Akaandika nne.

Kiti kikacheka, kicheko chenyewe cha Kitinda, cha zamani kabla ya ugonjwa.

"Jumamosi ijayo," kikasema, "utaandika tano."

Naye, Mungu amsamehe, akaitikia kwa kichwa.