Harufu ya Mama Chiriku

Jua lilikuwa linazama Fundi alipoingia tena dukani kununua vidonge vya kufulia. Vile vifuko laini vyenye sabuni ya maji ndani, unatupia kimoja kwenye mashine na kazi imeisha.

Muuza duka alianza kucheka kabla hata hajafika kaunta.

"Fundi! Juzi pakiti ya bluu, jana ile yenye picha ya ua. Unafulia mtaa mzima siku hizi?"

"Nipe vile vya zambarau, dada."

"Hivi havinunuliwi kabisa. Watu wanasema harufu yake inang'ang'ania."

"Nipe tu."

Dada wa watu akampa, akiendelea kucheka. Angejua yaliyompata yule baba, kicheko kingemkwama kooni.

Mambo yalikuwa hivi. Kazi ya Fundi ilikuwa kutengeneza majokofu na mashine za kufulia. Mashine ya nyumbani kwake aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya mashine zilizokufa, akampa mkewe, mama Chiriku, naye akaipenda kuliko alivyompenda mume. Ndivyo Fundi alivyokuwa akimtania. Na mama Chiriku alikuwa na tabia moja iliyochekesha ukoo mzima: hasafiri bila kufua. Hata mkienda kulala siku moja tu, lazima kwanza afue nguo za kila anayesafiri, azianike, azikunje mikono ya nguo kwa nyuma, azipange kwenye begi. Ukiona nguo zako zimetoweka kwenye kamba, jua na wewe umo safarini. "Siendi kwa watu na nguo za jasho mimi," alikuwa akisema. Vidonge vyake alivimimina kwenye chupa ya kioo juu kabisa ya kabati, mtoto asivifikie. Pakiti aliitupa.

Halafu akaugua ghafla. Alipelekwa hospitali na gauni alilokuwa nalo mwilini, na hakurudi.

Baada ya mazishi, mdogo wake marehemu alikuja kusaidia kazi. Kwa moyo mweupe kabisa alifua nyumba nzima kwa sabuni ya mche: mashuka, mapazia, foronya. Na foronya ya mto wa marehemu pia, jamani. Jioni hiyo mtoto akajilaza kwenye ule mto, akanusa, akainuka ametoa macho.

"Mama ametoka," alisema. "Hayumo tena kwenye mto."

Walimpa jina Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Tangu siku hiyo ulifungwa. Hali, halali, anakonda baba yake anamwona. Chupa ya vidonge ilikuwa tupu, na Fundi, aliyejua kila skrubu ya mashine ile, hakuwahi hata mara moja kutazama mkewe anatumia vidonge gani. Alijuta mpaka akawa analia bafuni, bomba likiwa wazi ili mtoto asisikie.

Ndipo akaanza kujaribu kila aina. Anafua foronya, anaikausha, anampelekea.

Pakiti ya bluu. Chiriku akanusa. "Hii hospitali."

Ile ya ua. "Hii ni mwalimu wetu."

Jioni ile ya zambarau hapakuwa na haja ya kusubiri foronya ikauke. Mashine ilipoanza tu kuzunguka, harufu ilitoka, ikaingia sebuleni, ikapita jikoni... Fundi akageuka kutazama mlangoni. Ilikuwa ni mama Chiriku anapita amebeba kapu la nguo. Mtoto alikuja mbio akapiga magoti mbele ya kioo cha mashine.

"Ndiyo! Baba, ndiyo yenyewe!"

Wakakumbatiana pale chini, wakalia wote wawili mpaka wakachoka. Na kwa ile furaha, Fundi akaisimamisha mashine, akatupia humo kila kilichokuwa kwenye kapu. Magauni ya marehemu na nguo za mtoto, pamoja.

Hapo ndipo alipokosea.

Mashine ilipomaliza, alifungua mlango akaingiza mkono. Akautoa haraka.

Nguo zilikuwa zimekunjwa.

Mbichi, zinachuruzika maji, lakini zimekunjwa. Mikono kwa nyuma.

Alijiambia ni uchovu. Chiriku alikula akashiba, akaimba, akalala amekumbatia mto wake. Wewe ungekuwa baba yake, ungevitupa vile vidonge? Basi naye hakuvitupa. Aliendelea kufulia.

Gauni la njano la mtoto likapotea kwenye kamba. Kisha sweta, kisha soksi. Fundi akawalaani wezi. Lakini ni mwizi gani anabeba soksi za mtoto, anaiacha suruali mpya ya baba? Na kadiri nguo zilivyopungua, ndivyo Chiriku alivyozidi kulala. Analala mchana kutwa, anaamka mikono ya baridi, anatabasamu.

Jioni moja Fundi alikuwa anampelekea chakula kitandani. Mtoto akamvuta sikio.

"Baba... mama anasema begi linakaribia kujaa."

"Begi gani, mwanangu?"

"La safari. Imebaki sare yangu ya shule tu."

Fundi aliutazama msumari wa ukutani ilipotundikwa sare. Sare haikuwepo.

Kutoka nyuma ya nyumba ikasikika sauti. Taratibu... Ngoma ya mashine, lile pipa lake la ndani, inazunguka.

Asubuhi ile alikuwa ameuchomoa waya wa umeme kwa mkono wake mwenyewe. Aliukuta pale pale alipouacha, umelala sakafuni, na mashine inazunguka. Ndani ya kioo sare ya Chiriku ilikuwa inageuka polepole, na kitu ambacho hakukiona vizuri kilikuwa kinainyoosha kola.

"Mama Chiriku," alinong'ona.

Ngoma ikasimama.

"Najua hukuaga. Hukupata hata nafasi ya kufua. Lakini huyu hasafiri. Hata meno hajamaliza kuota. Niachie, nakuomba."

Maji yakadondoka... tii... tii...

"Peke yangu siwezi, baba Chiriku."

Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya chini, ya kuongea mtoto akiwa amelala. Fundi alitaka kukimbia, na papo hapo alitaka kuingiza kichwa mle ndani aisikie tena. Alimpenda mno yule mwanamke. Alikaa sakafuni akalia, na safari hii hakufungua bomba.

Kisha akainuka. Akaitoa sare, imepoa kama barafu ya jokofu. Akafungua vifungo vya shati lake la kazi, lenye madoa ya grisi, akaliweka ndani. Akatupia kidonge.

"Basi fua hili."

Mlango haujafungwa, ngoma ikaanza.

Asubuhi Chiriku aliamka anapiga domo. Chai haina sukari, nywele zinavutwa, mbona shule hapelekwi. Fundi alicheka huku machozi yanamtoka. Vidonge vilivyobaki alivitumbukiza chooni, na tangu hapo nguo za mtoto akawa anazifua kwa mikono, kwa sabuni ya mche. Hakuna iliyopotea tena.

Zake ndizo zilizoanza kupungua.

"Shemeji, kila nikija shati hilohilo," mdogo wake marehemu alimwambia. "Kabati tupu! Unahama?"

"Nitanunua nyingine."

Hakununua. Alimfundisha Chiriku kukunja nguo zake, na kukariri namba ya simu ya mama yake mdogo mpaka akawa anaisema akiwa anaruka kamba.

Siku lilipobaki shati alilovaa tu, alimshika mtoto mkono, wakatembea hadi kwa mama mdogo. Nguo za mtoto zilikuwa kwenye mfuko, safi, zinanukia sabuni ya mche.

"Akae kwako kidogo, shemeji."

"Akae tu. Kwani wewe unakwenda wapi?"

Fundi akampa mfuko wa nguo. Chiriku alimrukia shingoni kumuaga, akanusa, uso ukamng'aa.

"Baba! Leo unanukia kama mama!"

Mama mdogo akacheka. Kisha akaacha, maana naye aliisikia harufu ile.

"Kaa vizuri na mama mdogo," Fundi alisema. "Na uongee sana. Usinyamaze tena, umesikia?"

Akarudi kwa miguu, giza linaingia. Nyumbani alikuta mlango wa mashine uko wazi. Pembeni yake palikuwa na lile begi la safari, na zipu yake ilikuwa bado haijafungwa.